Kopo la Jivu Lililorudi Limejaa

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na mimi si mtu wa kukumbuka hasara. Mnaziona mashine zangu za kusaga na lori mbili, mnasema huyu aliishia darasa la nne akawapita wenye vyeti. Kweli, niliwapita. Ila yupo mmoja sikumpita.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, hapa kijijini Murukulazo, karibu na mpaka wa Burundi. Miti ilikuwa imekatwa kuni, na uwanja wetu wa mpira ukabaki na visiki vilivyofichwa na majani. Kocha wetu, mzee Sabasi, alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya mechi tunajipanga mstari, kila mchezaji na sehemu yake, tunapapasa uwanja kwa miguu mitupu. Kila mmoja ana kopo la jivu, yale makopo ya mafuta ya msaada. Ukigusa kisiki unakimwagia jivu, na wenye majembe wanakuja nyuma wanaking'oa. Bila hivyo, hakuna mpira.

Mimi ndiye niliyekuwa nahodha, na winga ya kulia ilikuwa yangu mpaka alipokuja Desideri, mkimbizi kutoka Burundi. Alikimbia huyo, jamani! Kinamama walioniimba mimi wakaanza kumwimba yeye. Mmoja akanipigia kelele sokoni: "Nahodha, umekuwa mzito kama gunia la mihogo mibichi! Mwachie Mrundi akimbie!" Soko zima likacheka. Sabasi naye akanirudisha beki. Nikawa siwezi hata kumtazama yule kijana akifunga kamba za viatu.

Siku ya mechi na timu ya kijiji jirani cha Keza nikapangiwa kukagua upande wa kulia. Mguu wangu ukagusa kisiki, kimechongoka. Nikasimama. Nikamwona Desideri kule anacheka na wenzake. Nikapita.

Mpira haukuwa umeendelea muda mrefu. Desideri alikikanyaga kile kisiki akiwa mbioni, goti likageuka. Tulimbeba kwa machela hadi zahanati, mimi bega la mbele. Njiani akaniambia, "Asante, kaka. Una moyo mzuri."

Niliporudi, Sabasi alikuwa ameshika kopo langu.

"Nahodha, limejaa."

"Upande wangu ulikuwa safi, mzee."

Akanimwagia jivu lote viganjani. "Nilikupa mguu wa mwenzio uulinde," akasema, akaondoka.

Desideri hakucheza tena. Miaka baadaye nilimweleza mwenyewe. Akasema, "Basi usikague peke yako tena."

Leo anafundisha watoto mpira kule Bugarama, na fimbo yake ya kutembelea mkononi. Wakimshangilia, bado naona wivu. Mimi niliyewanunulia jezi hawanishangilii hivyo.

Ndiyo maana kwenye timu yangu kila upande unakaguliwa na watu wawili, na kopo likirudi limejaa tunauliza kwa nini. Nawe, mwanangu, siku ukimwonea mwenzio wivu, sema wazi, kopo apewe mwingine. Wivu hauna aibu kama kuunyamazia.

Mungu akulindie magoti yako, na akujalie kumpigia makofi anayekupita mbio.