Hita Iliyogoma na Adabu za Ukwe

Mama mkwe wangu ana imani moja kubwa kuhusu nyumba: tundu halina heri. Penye tundu huingia panya, huingia nyoka, huingia upepo, na mwishowe huingia maneno ya watu. Alipofika kwetu North York, huku ughaibuni kwenye baridi, akitokea Tanga, hata sanduku hajafungua, alizunguka nyumba nzima na matambara. Akaziba chini ya mlango wa nyuma. Akaziba dirisha la bafuni. Akaziba hata feni ya jikoni, na siku hiyo tulikaanga samaki tukatokwa machozi sote. Mke wangu alipojaribu kumweleza, akajibiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwetu mkwe hapingwi. Mwanamume mzima, nina mvi na shinikizo la damu, lakini mama mkwe akipita sebuleni nanyanyuka kitini kama mwanafunzi. Naye ananiheshimu vivyo hivyo. Salamu tunapeana, lakini akiwa na neno zito juu yangu humwambia binti yake, na binti yake ndiye anayeniletea. Tumeishi hivyo miaka yote na hatujagombana hata siku moja.

Sasa, safari hiyo hakuja kututazama sisi. Alikuja kwa ajili ya mdogo wake, aliyeko nyumba ya kutunzia wazee kule Sudbury, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari. Hawakuwahi kuonana tangu huyo mdogo aolewe na kuondoka Tanga, wote wawili wakiwa wasichana. Mdogo hawezi tena kusafiri. Mkubwa magoti yamekwisha, hawezi kukaa garini amekunja miguu, na choo cha njiani kisicho na maji hataki hata kukisikia. Ndipo mimi nikajitia ushujaa, nikasema msihangaike, gari-nyumba langu lipo.

Gari-nyumba lenyewe nililinunua kiangazi, mke wangu akaninunia wiki nzima. Ni basi dogo kuukuu lenye kitanda, jiko, choo, na hita ya dizeli chini ya sakafu. Kitandani mkwe atajinyoosha, chooni tutaweka kopo. Yote yalitegemea hita, maana Novemba huko kaskazini bila joto maji huganda kwenye mabomba, na choo kikiganda hakuna safari. Nilipolinunua, hita iliwaka mpaka nikavua shati. Mama mkwe mwenyewe nilimtembeza mara tu alipofika, akalikagua ndani na nje, juu na chini, akasema mashallah.

Ijumaa, kesho yake tusafiri, nikabonyeza swichi. Feni ikanguruma. Pampu ya mafuta ikaanza kugonga, ti, ti, ti. Ikakohoa moshi mweupe kidogo, ikazima. Nikabonyeza tena, yale yale, kisha ikajifunga kabisa na taa nyekundu ikanikodolea. Na Jumatatu mkwe anapanda ndege kurudi Tanga.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mashine ikinigomea naitukana yenyewe na kiwanda kilichoizaa. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama dirishani, kanga kichwani, ananitazama. Basi kila tusi lililofika mdomoni nililigeuza uradi. "Subhanallah," naiambia hita, meno nimeyauma. Wallahi, kutukana kwa adabu kunachosha kuliko kazi yenyewe.

Nikamwita jirani yangu, Mgoa wa Nairobi, karani mstaafu, ambaye kuhusu magari hajui kitu lakini ana maoni juu ya kila msumari. Akaja na tochi na chupa ya chai. Akasema ni betri, hita ikikosa umeme wa kutosha plagi yake haishiki moto. Tukachaji betri. Hola. Akasema ni fyuzi. Tukabadilisha. Hola. Akasema ni dizeli ya kiangazi, baridi imeigandisha ikawa samli. Hilo lilinipendeza, maana lilikuwa na mtu wa kulaumiwa. Nikamlaani aliyeniuzia gari, kwa sauti ya chini, tukatia dizeli ya msimu wa baridi, tukafungua mpira kuona kama mafuta yanafika. Yalifika, yakanijaa usoni. Tukaichomoa plagi, tukaijaribu kwenye betri, ikaiva nyekundu kama kaa la mkaa. Umeme upo, mafuta yapo, plagi inaiva, na hita haiwaki. Jirani akamimina chai, akasema labda gari lina jini.

Wakati wote huo mkwe habanduki dirishani. Niliona anamwita binti yake, anamnong'oneza, anaghairi, anamwita tena. Mwisho mke wangu akatoka na koti, akaniuliza eti hilo gari huko chini lina tundu lolote. Nami dizeli iko kwenye nyusi. Nikamjibu kwamba gari zima ni matundu, na kubwa kuliko yote ni lile nililotumbukizia akili yangu siku nilipolinunua. Akarudi ndani.

Alasiri akatoka tena, safari hii taratibu. Mama amesema basi, Mungu hakuandika. Ameshaanza kuitoa sandukuni doti ya kanga aliyomletea mdogo wake, na achari ya embe, anasema tutazituma kwa posta. Hapo hasira zote ziliniishia, nikabaki na uchungu mtupu. Nilimwona yule mama akivuka bahari na kuishia kwenye dirisha langu.

Nikaingia chini ya gari mara ya mwisho, si kwa matumaini, ila kwa kuona haya kuingia ndani. Chini hapo hita imeteremsha mabomba mawili: nene la kutolea moshi, na jembamba la kuvutia hewa, mdomo wake ukingoni mwa gari, penye kufikika kwa kuinama tu. Nikatia kidole kwenye lile jembamba. Nikagusa kitu laini. Nikavuta. Kikaja kitambaa, kikazidi kuja, kimesokotwa na kushindiliwa na mtu anayeijua kazi yake. Moto bila hewa hauwaki, kila aliyewahi kupuliza jiko la mkaa anajua. Lilikuwa pindo la kanga, jekundu lenye michoro ya korosho nyeusi.

Nikatoka, nikatazama dirishani. Kanga iliyokuwa kichwani mwa mama mkwe ilikuwa na korosho nyeusi, na upande mmoja haina pindo. Akainamisha macho. Na mimi nikainamisha yangu.

Jirani akauliza nimepata nini. Nikakisukumiza kitambaa mfukoni.

"Panya," nikasema, kwa sauti ya kufika dirishani. "Panya kajenga."

Jirani akasema tangu mwanzo yeye alishuku panya. Nikabonyeza swichi. Feni, ti, ti, ti, kisha ikavuma, na joto likatoka.

Kesho yake tukasafiri. Mkwe kitandani nyuma ya pazia, mke wangu mbele pamoja nami. Tulipokwisha kuupita mji wa Barrie, sauti ikatoka nyuma ya pazia, na haikupitia kwa binti yake.

"Baba, huyo panya msamehe. Alidhani anawazibieni baridi."

"Mama," nikasema, "panya huyo hana kosa. Mimi ndiye niliyeletewa salamu zake nikazijibu ovyo."

Mke wangu akanigeukia, akauliza panya gani. Mimi nikakaza macho barabarani, na nyuma yetu pazia likavutwa vizuri.

Kule Sudbury mdogo mtu akatolewa nje akiwa kwenye kigari chake cha magurudumu, akalitazama gari, akasema hataki kukaa ukumbini na televisheni, anataka kulala kitanda kimoja na dada yake kama zamani. Wauguzi wawili na mke wangu wakampandisha. Ndani hita inavuma. Wakavua viatu, wakavua makoti, wakafunua vichwa, wakajifunika doti mpya, mmoja kanga hii, mwingine kanga ile. Walilia kwanza. Halafu wakaanza kucheka, na kicheko chao kikatikisa gari.

Mkwe mwanamume haingii penye hali hiyo. Nilibaki nje kwenye theluji, joto nililolihangaikia mimi sikulionja. Nilisimama pembeni mwa lile tundu, mkono mfukoni nimeshika pindo, nalinda asije panya mwingine mwenye huruma.