Tundu Moja kwenye Trei ya Eckhard

Mume wangu Eckhard alikuwa fundi lifti. Nusu ya watu wa Berlin wanafika majumbani mwao kwa kazi ya mikono yake, na sisi wenyewe tunaishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti. Ukimcheka ananuna. Mimi siku hizi sicheki, magoti yangu hayana utani.

Bwana huyu anakusanya sarafu. Si sarafu zote, angalau hapo ningeelewa. Anakusanya za mtawala mmoja mdogo wa zamani, mtu ambaye hata shuleni hatukumsoma, mwaka kwa mwaka, kila mwaka na tundu lake kwenye trei ya kitambaa chekundu. Limebaki tundu moja tu, la 1764. Siku tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa alisimama mbele ya binti yetu Annegret, glasi mkononi, akaapa: "Tundu hili likijaa, naachana na mambo haya, tunahamia kwako Schwerin, ile fleti tupu ya chini." Nikampigia makofi. Mjinga mimi.

Annegret ametusubiri weee, mpaka kachoka. Januari hii akanipigia: "Mama, siwezi tena kuishikilia hii fleti. Kuna wapangaji wanaitaka mwisho wa mwezi. Baba aseme anakuja au haji." Nikamwuliza Eckhard. Akajibu, "Bado 1764." Nikasema haya bwana, mwaka huu tunaenda wote kwenye maonyesho ya sarafu hapa Berlin, naitafuta mwenyewe hata chini ya zulia.

Hayo maonyesho nayo! Watu wametoka Lisbon, Stockholm, Budapest, karibu wote wanaume wenye sweta, wamekumbatia mabegi yao kama watoto wachanga, wameinamia meza, hakuna anayekutazama usoni. Ukisema samahani wanasogeza kiwiko. Joto, kahawa ya tangu asubuhi, na pa kukaa ni pa kugombania.

Tulianzia kwa Wendelin Pfitzner, muuzaji ambaye Eckhard anamjua kuliko anavyowajua ndugu zangu. "Shemeji! Leo umekuja mwenyewe!" Na hapo mezani kwake, jamani, niliiona kwa macho yangu. 1764. Nikamfinya Eckhard mkono. Akaishika kwa kingo, akaweka lenzi jichoni, akaigeuza, akaigeuza tena, akaguna.

"Imesafishwa," akasema, akairudisha.

"Imesafishwa ndiyo nini? Kitu kisafi kina kosa gani?"

"Rosi, tafadhali. Sarafu ikisuguliwa inapoteza thamani. Watu wanasikia."

Kumbe ipo nyingine, kwa Mbelgiji mmoja karibu na dirisha. Hiyo akasema ukingo umekatwa. Ya tatu, kwa mama mmoja wa Prague, eti mtawala hana pua. Nikamwambia, "Na wewe hiyo pua yako nani aliisifu? Mbona nilikuchukua hivyo hivyo!" Mama wa Prague akacheka mpaka akavua miwani. Eckhard akaenda zake benchini kula mkate wake wa nyama na haradali.

Nikarudi kwa Pfitzner, damu inanichemka. "Nipe ile 1764. Nanunua mimi."

Akaifunika kwa kiganja. "Imeshawekewa oda, shemeji."

"Na nani?"

"Na... mteja."

"Pfitzner, usinifanye mtoto."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Haya. Sote hapa tunajua. Kila mwaka anaikuta, kila mwaka anaitia kasoro, na sisi tunanyamaza. Unamkumbuka Lothar, yule aliyekuwa hakosi pembeni yake? Alikamilisha zake miaka mitano iliyopita. Tukampongeza, tukafungua chupa. Hakurudi tena. Zilirudi trei zake, kazileta mjane tumwuzie. Eckhard ndiye aliyemsaidia kuzibeba."

"Kwa hiyo mkakaa kikao mkaamua."

"Hakuna kikao, shemeji, ni—"

"Na mimi je? Kakwambia aliapa nini? Kakwambia kwamba Novemba nilikaa kwenye ngazi na mfuko wa viazi, nalia, mpaka jirani akanikuta?"

Pfitzner hakujua lolote. Akaitia sarafu kwenye bahasha ndogo, akanisogezea. "Mpelekee. Akiitaka, tutaelewana."

Nikamkuta benchini, nikaidondosha kwenye kiganja chake. Akapapasa akitafuta lenzi. Nikaiwahi mimi hiyo lenzi, nikaitia mfukoni mwangu. "Haya, niambie. Leo ina kasoro gani?"

Akaigeuza kiganjani, upande huu na ule. "Haina," akasema. "Hata zile nyingine hazikuwa nayo."

"Sasa?"

"Lothar alijaza."

"Lothar alikuwa na moyo mbovu na alivuta sigara kama bomba la moshi!" Nilipiga kelele, na wenye sweta wakageuka, ndiyo kwanza wakaniona. "Hizo ngazi zitaniua mimi, Eckhard! Utakuja kuniokota huko chini, na wewe bado umekaa na tundu lako!" Machozi yakanitoka. Nilichukia kulia pale, lakini yalitoka.

Nikamnyang'anya ile sarafu. "Narudisha. Liache wazi tundu lako mpaka kiama, na ile ahadi nimeifuta. Lakini Jumatatu nahamia kwa Annegret. Chumba kipo, cha kwako na cha takataka zako. Ukija, karibu; usipokuja, shauri yako."

Akakunja karatasi ya mkate, akaikunja tena. "Rosi. Schwerin mpaka hapa kwa treni ni mwendo gani?"

"Saa mbili na kitu tu. Kwa nini?"

"Basi ningeweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo," akasema. "Mimi nilijua tukihama, maonyesho haya na watu hawa ndiyo basi tena."

Jamani! Miaka yote hiyo, ngazi zote hizo, na swali lenyewe angejibiwa na binti yeyote wa dirisha la tiketi! Nilitamani kumtwanga na begi. Nikampa simu. "Mpigie mwanao. Uongee wewe, si mimi."

Akapiga, akakohoa kwanza. "Annegret, ni baba. Waambie hao wapangaji watafute pengine."