Mkutano wa Siku ya Bamvua

Mwenzangu, hili nakwambia wewe kwa sababu najua hutanicheka: mwenyekiti wetu wa kitongoji nilimpigia kampeni mimi mwenyewe. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Sababu? Siku ya kujinadi alifungua kwa dua nzuri mpaka nikatokwa na machozi, halafu akaeleza barabara, taa na wageni watakaokuja kujenga. Nikasema, huyu Mungu kamjaalia akili.

Aliyeshindana naye ni kaka mmoja fundi baiskeli, nilikuwa nasoma naye masomo ya jioni. Ana kigugumizi. Nilisema mbele za watu, "Huyu hata kufungua mkutano hawezi." Allah anisamehe.

Sisi wanawake tunalima mwani. Bamvua ndiyo siku zetu, maji yanakupwa mbali, saa nne asubuhi unayaona mashamba yote. Ukikosa siku hizo, mwani unakatika kwenye kamba unakwenda zake. Na njia ya kutufikisha pwani ni moja tu, inapita kwenye eneo ambalo sasa linakatwa viwanja vya watu wa mjini.

Basi mwenyekiti akaitisha mkutano wa kupitisha ramani ya viwanja. Saa nne asubuhi, mwezi mchanga. Nikamfuata kwake.

"Mwanangu, siku hiyo bamvua. Sisi tutakuwa majini."

Akacheka. "Mama, mkutano unafuata kalenda, haufuati maji."

"Sisi tunafuata maji. Na njia mnayoijadili ni yetu."

"Tutawawakilisha, mama yangu. Usiwe na wasiwasi."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mtu kazaliwa hapahapa, kasoma, na hajui wanawake wa kwao wako wapi bamvua saa nne. Huko mbali anakotuonyesha atakuonaje?

Siku ile tulikwenda shambani mapema, maji bado yako kiunoni. Saa nne tukaacha kamba nusu hazijafungwa, tukaingia mkutanoni na kanga zinachuruzika. Mzee mmoja akatania, "Leo samaki wamekuja kupiga kura!" Nikamjibu, "Na mkileta ubishi tutawamwagia maji." Watu wakacheka, tukapishwa mbele.

Nikaomba ramani niisome. Mwenyekiti akashangaa, hakujua kuwa siku hizi nasoma. Nilifuata kwa kidole kutoka barabarani mpaka ufukweni. Viwanja vimebanana, hakuna hata uchochoro.

"Njia yetu iko wapi?"

"Mtazunguka kwa juu, mama. Ni mazoezi."

"Na kiroba cha mwani mbichi kichwani? Njoo ubebe wewe, ufanye mazoezi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti akasema, "Haya, tutawaachia njia ya hatua tatu." Hapo fundi baiskeli akasimama. Maneno yalimkwama, tukamsubiri. Akasema, "Hatua ta-tatu hazitoshi. Mkokoteni u-unataka nne. Nimepima jana." Kumbe alikwenda njiani peke yake na mkokoteni wake, akaupitisha mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyemtuma.

Nilimwangalia nikaona haya. Nikasimama tena nikasema, "Ramani hii haipiti mpaka iandikwe njia ya hatua nne." Wanawake wakanyoosha mikono, wanaume wengi wakafuata. Ikaandikwa palepale, na muhtasari niliusoma mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Njia ipo. Wenye viwanja wamejenga kuta zao huku na huku, na mkokoteni unapita.

Siku hizi mgombea akija kwangu simsikilizi kwanza anavyoomba dua. Dua naomba mwenyewe. Namuuliza: sisi hapa tunafanya kazi gani, saa ngapi, na tunapita wapi? Akijua hayo, ndipo namwacha anieleze ya miaka ijayo.

Mwenzangu, usikae nalo peke yako. Msimulie dada yako wa Mapinga, na shoga yako wa Mbegani, kabla hawajaanza kumpigia mtu kampeni kama nilivyofanya mimi.