Makadirio ya Nyumba ya Roba

Mwaka wa 1979 watu wa mtaa wa Wabera walikuwa wakisema kwamba Roba Halake anajenga nyumba ya mawe. Roba alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mzaliwa wa Korbesa, na kwa miaka minane alikuwa amekaa na mkewe Abiba na watoto sita katika vyumba viwili vya udongo na mabati. Vyumba hivyo alijengewa na Lotukoi.

Lotukoi alikuwa fundi wa mawe. Kazi aliijulia kwa mapadri waliokuwa wakijenga shule, akianza kwa kubeba maji na kokoto, hata wakamkabidhi mwiko. Mafundi wenye mkono mzuri walikuwepo wengine mjini. Yeye alijulikana kwa jambo jingine: hakutaja bei kabla ya kukanyaga kiwanja. Atakizunguka, atachimba, atainusa ile ardhi, aende zake, arudi kesho yake azunguke tena. Wenye haraka walimchoka. Wenye subira walikaa katika nyumba zisizopasuka.

Urafiki wake na Roba ulikuwa na siku yake. Mwaka wa 1973 mke wa Lotukoi, Kinanu, alishikwa na uchungu siku mbili mtoto asitoke. Roba alikuwa ndiyo kwanza anatoka mjini na lori la kondoo wa kupeleka Nairobi. Alipopata habari aliwashusha kondoo wote kando ya barabara, akamwachia mchungaji mmoja, akampakia Kinanu hadi hospitali kule Meru. Mama na mtoto wakapona. Tangu hapo, chakula cha nyumba moja kililiwa katika nyumba nyingine bila hodi.

Kwa hiyo Roba alipokuja kumweleza habari ya nyumba mpya, Lotukoi hakuona la ajabu. Roba alisema shemeji yake, karani wa ofisi moja ya serikali, amemshauri achukue makadirio ya mafundi watatu ayalinganishe, kama wafanyavyo watu waliosoma. Alilisema hilo kwa aibu kidogo.

"Ni desturi tu, jaala," akasema, akimwita rafiki kwa Kiborana. "Kazi ni yako. Lakini niandikie kila kitu, nisionekane mjinga mbele ya shemeji."

Wiki ile ile mwenye duka mmoja wa Sericho alikuwa amemtaka Lotukoi akamjengee ghala, kazi ya miezi mitatu. Lotukoi alimjibu atafute mtu mwingine, yeye ana nyumba ya rafiki yake.

Siku nne alizimaliza kwenye kiwanja cha Roba. Alichimba mashimo matatu. Upande wa juu alikuta changarawe ngumu karibu tu, lakini upande wa chini ulikuwa na udongo mweusi uliomfika kifuani, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ukaipasua na nyumba. Akaenda kwa Batula, ajuza wa boma la jirani, akamwomba amwonyeshe maji ya mvua ya mwezi wa nne yanapita wapi. Ajuza akatembea naye mguu kwa mguu, akichora njia ya maji kwa fimbo. Lotukoi aligeuza ramani nzima ya nyumba ili mlango wa jikoni usielekee huko. Kisha akang'oa kurasa nne katika daftari la shule la binti yake, akaandika: kina cha msingi kila pembe, mawe, mifuko ya simiti, mabati, hata misumari. Akampelekea Roba mwenyewe. Roba akazikunja vizuri, akatia mfukoni.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Lotukoi hakuuliza. Mtu haulizi alichokwisha pewa.

Wiki ya tatu alifikiwa na fundi kijana aitwaye Ephantus, mgeni kutoka Nyeri, ambaye hakuwa na miezi miwili mjini. Alikuwa na adabu. Alisema ameambiwa hakuna anayejua udongo wa huku kama yeye, na kwamba kuna nyumba anaianza Jumatatu, sasa amekwama kwenye tarakimu moja iliyochujuka kwa maji. Akatoa karatasi na kuikunjua juu ya goti.

Lotukoi aliona mwandiko wake. Nyuma ya karatasi aliona hesabu za kuzidisha za binti yake, na alama ya mwalimu.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwa mwenye nyumba. Ametupatia sisi mafundi watatu. Anasema kazi imeshapimwa ofisini kwa shemeji yake, sisi tuseme tu nani atapunguza. Mimi nimepunguza malipo ya mikono yangu, nimepata kazi." Akaweka kidole pale pembe ya chini. "Hii ni futi tatu ama tano?"

Lotukoi aliitazama ile tarakimu. Tatu lilikuwa neno jepesi. Angelisema, kijana angeshukuru na kwenda, na mvua ya pili au ya tatu ingefanya yaliyobaki, wala hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

"Tano," akasema. "Na usimwage zege mpaka sululu igonge changarawe."

Ephantus akashukuru, akakunja karatasi, akaenda zake. Hakuambiwa ni ya nani.

Kinanu alikuwa akichambua maharagwe pale mlangoni na alikuwa amesikia yote. "Ungemwambia tatu," akasema.

"Abiba atalala humo na watoto."

"Na wewe utalala wapi, na Sericho ulikataa?"

Lotukoi aliinuka. Alivaa viatu akaenda soko la mifugo, akamkuta Roba akimkagua ng'ombe meno. Hakupandisha sauti. Alimuuliza tu kama ni kweli ametoa kazi yake ya siku nne kwa watu wengine, na akaiita ya shemeji.

Roba hakukana. Alijipangusa mikono, akasema bei ya Lotukoi ilikuwa juu, naye ana mahari ya kijana wake inamngoja. Na lau angesema makadirio yametoka kwa fundi, wale wengine wangeogopa kupunguza bei ya mwenzao. Ni biashara, hakuna ubaya ndani yake. Alipoona Lotukoi bado amesimama palepale, akaongeza, kwa upole kabisa:

"Siku ile niliposhusha kondoo wangu barabarani, nilikuuliza bei?"

Karatasi Lotukoi angeweza kuisamehe. Tayari njiani alikuwa amejaribu. Lakini miaka sita alikuwa ameishi akiamini siku ile ilipita kama siku ya Mungu, isiyodaiwa malipo, kumbe mwenzake alikuwa ameiweka akiba, akingoja pa kuitumia.

"Hukuniuliza," akajibu. "Umeniuliza leo."

Akageuka akaondoka. Ghala la Sericho lilikuwa limekwisha pata fundi. Mwaka ule Lotukoi aliumaliza kwa kupiga plasta vyoo vya shule kama kibarua.

Nyumba ya Roba ilisimama, nzuri, imenyooka, jikoni pameepuka maji. Siku ya kuifungua Abiba alikuja mwenyewe kuwaita Lotukoi na Kinanu, akiwa na kibuyu cha maziwa. Lotukoi alikuwa ametoka. Kinanu akamweleza, mwanzo hadi mwisho. Abiba, aliyekuwa hajui lolote, aliiacha chai ikapoa mbele yake.

"Nilimsifu Roba kwa jikoni ile," hatimaye akasema. "Nikamwambia, leo umenifikiria."

Aliacha maziwa akarudi kwa wageni wake. Miaka iliyofuata wake hao wawili waliendelea kutembeleana, Abiba akija mchana, waume wakiwa kazini. Lotukoi aliendelea na mwiko wake mpaka magoti yalipomshinda, mwaka wa 1986. Mtu akimtaka amwandikie makadirio, alimwambia hajui kuandika.