Mikono Juu ya Kamba

Nakumbuka alasiri moja ya miaka ya hamsini, Mwingereza angali akitutawala, niliposimama katika ukumbi wa mtaa kule Pongwe nikatetea haki za wanaume hadi jasho likanilowesha kanzu. Nilishangiliwa, mwanangu. Sijawahi kushangiliwa vile tena, na namshukuru Mungu.

Nakwambia haya kwa kuwa nawasikia wewe na wenzio mkigombana kutwa kwenye simu zenu, huyu analaani mfumo dume, yule analia kwamba wanaume wa siku hizi wanaonewa. Mnadhani mmeanza nyinyi.

Ukumbi ule ulikuwa na darasa la kusoma na kuandika, la wanaume peke yao. Wanawake wakaomba nao wapewe alasiri mbili kwa wiki. Aliyelitaka jambo hilo kuliko wote alikuwa mke wangu, Mwanahamisi. Kila nilipofungua gazeti alisogea, akafuata kidole changu kwenye mistari. Mwenyekiti wa ukumbi, Mzee Yohana, Msambaa wa Kilutheri aliyekuwa karani wa shamba la mkonge, akaamua jambo lijadiliwe mbele ya watu, kisha watu wanyooshe mikono.

Upande wa kukataa nikapewa mimi. Nilikuwa na maneno mengi, na kichwa kilikuwa kimevimba. Nikafanya mazoezi nyumbani, natembea huku na huku, Mwanahamisi anasuka ukili wa mkeka. Akaniuliza, "Na sie, nani atatusemea?" Nikamjibu, "Msijali, mmepangiwa mtu." Mtu mwenyewe alikuwa rafiki yangu, naye alipinga mkewe kusoma kuliko hata mimi.

Kwa desturi yetu wanawake walikaa nyuma, kanga zimetundikwa kwenye kamba mbele yao ziwe pazia. Waliitwa kuja kusikiliza habari zao wenyewe, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Nikafungua kwa bismillahi, nikatiririka. Nikasema ukumbi tumeujenga wanaume. Nikasema mtu aliyekata mkonge tangu alfajiri ana haki ya kukuta chakula, si kumkuta mke ameinamia daftari. Mwisho nikatoa ile niliyoiweka akiba: mwanamke akijua kuandika, atawaandikia barua wanaume wa nje. Makofi yakarindima.

Rafiki yangu akasimama, akakohoa, akasema wanawake ni mama zetu, akaketi.

Hapo ikatoka sauti nyuma ya pazia. "Mwenyekiti, naomba ruhusa." Nikaitambua papo hapo. Alikuwa Bi Zaina, shangazi yangu, aliyefundisha chuo cha Kurani nyumbani kwake tangu sijazaliwa. Wanaume wakaguna. Mzee Yohana akagonga meza, akasema, "Sema, mama."

"Salimu."

"Labeka, shangazi."

"Hiyo bismillahi uliyofungulia maneno, kakufunza nani?"

"Wewe, shangazi."

"Na hao waliokupigia makofi, wangapi wamekaa mkekani kwangu?"

Nikageuka kuwatazama. Walikuwa wameinamisha vichwa. "Wengi," nikasema.

"Basi mimi mwanamke ndiye niliyewafunza kusoma nyie waume, na barua za mapenzi za Pongwe nzima mmeziandika nyie. Sijaona hata mmoja aliyefungiwa chuo kwa ajili hiyo!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Yohana, kisha ukumbi mzima. Neno la mwisho lilikuwa langu. Ningeweza kubisha, maneno nilikuwa nayo. Lakini nikamfikiria Mwanahamisi, amekaa kule nyuma, amesikia mumewe akimtuhumu kwa barua kabla hata hajajua kushika kalamu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikasema, "Mwenyekiti, nimekosea. Mkono wangu uhesabiwe upande wa wanawake."

Tukanyoosha. Waliokataa wakatuzidi kidogo. Bi Zaina akauliza, "Na yetu je, haihesabiwi?" Mzee Yohana akavua miwani, akaifuta taratibu, akasema, "Jambo ni lenu. Nyoosheni."

Ikapanda juu ya kamba mikono ya wanawake wote, mingine ina hina, mingine ina makovu ya miiba ya mkonge, mingine bado ina unga. Vigelegele vikapasua bati. Nilishindwa mbele ya mtaa mzima, mwanangu, na nililia kwa furaha.

Wiki ileile Mwanahamisi akaingia darasani. Siku za darasa nilipika mwenyewe. Wali wa kwanza uliungua, tukaula hivyohivyo. Baada ya miaka michache yeye ndiye aliyesimama ubaoni akiwafundisha wenzake.

Basi nasaha yangu ni hii. Wewe wa kiume, una haki zako na una uchungu wako, usione aibu kuusema. Mwanamume naye huchoka, naye huonewa. Lakini ukiona haki yako haisimami mpaka mwenzio afungwe mdomo, jua hiyo si haki. Ni woga. Mimi niliogopa mke wangu asije akajua kunizidi, na kweli alinizidi, na nyumba yangu ikanawiri. Nawe wa kike, usingoje kusemewa. Omba ruhusa kwa heshima, na wakikunyima, sema vilevile.

Mungu akupe ulimi wa kujitetea na moyo wa kukiri ukikosea. Akujaalie nyumba ambayo kila aliyemo husikilizwa, na siku utakaposhindwa na ukweli, ushindwe ukishangilia. Amin.