Mtoto Aliyeguna Usingizini

Mwanangu alizaliwa na kelele zake. Sisemi kulia, maana kila mtoto hulia. Nasema kelele za usingizini. Alikoroma, aliguna, alijinyonganyonga na kujikamua mpaka uso ukaiva, akatoa sauti kama ya mtu anayejitwisha gunia la mahindi, na wakati huo wote macho yake yalikuwa yamefungwa. Angezaliwa katika nyumba nyingine labda watu wangecheka. Lakini alizaliwa Kabuchai, kwa mama mkwe wangu, baba yake akiwa amezikwa mbali, na katika boma lile hakuna aliyecheka.

Baba yake alifanya kazi ya stoo katika shamba la mzungu mmoja upande wa Kitale. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha na mahindi yalikuwa yanatafutwa sana, kwa hiyo kazi ilikuwa nyingi hata wakati wa mvua. Alishikwa na kifua, akalala, hakuamka. Mimi nilikuwa na mimba nzito. Barabara ilikuwa matope matupu, na lori la shamba lilikuwa limekwama mtoni. Nyapara akaja mlangoni kuniuliza kama nakubali azikwe pale pale, katika makaburi ya wafanyakazi. Nikakubali. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuulizwa. Mtu wa kwetu huzikwa kwao, karibu na migomba ya mama yake, na hilo nililijua kama walivyolijua wao. Nikarudi kwao Kabuchai, Bungoma, na sanduku lake, blanketi lake, na tumbo langu.

Hawakunigombeza. Walinipa chai, wakanipa mahali pa kulala katika nyumba ya mama mkwe, na wakaanza kuniuliza maswali. Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na namna yake. Aliniuliza lile lori lilikwama mto gani. Nikamwambia. Baada ya siku kadhaa, tukiwa tunazungumza habari za mbegu, akasema, "Ati dereva wa lile lori alikuwa Mnandi?" Nikasema sijui, sikumwona dereva. Siku nyingine akauliza kama mvua ilianza kabla ya kifo au baada. Nilijibu vilevile kila mara, kwa sababu mambo yalikuwa vilevile. Hata hivyo nilimwona akiyapima majibu yangu kama mtu anayegonga chungu sokoni asikie kama kina ufa.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempokea. Alikuwa mvulana. Alimwosha, akamtazama masikio na vidole, akasema ni wa kwetu. Nilifikiri maneno yamekwisha. Kisha mtoto akalala na kuanza kuguna.

Mke wa shemeji alikuwa amesimama mlangoni, binti yake mchanga mgongoni. Binti huyo alikuwa amemtangulia wangu kuzaliwa kwa miezi michache tu, naye alilala kimya kama unga kwenye mtungi. Mama yake akasikiliza.

"Huyu mtoto anaongea," akasema.

"Anaongea nini?" mama mkwe akauliza.

"Mimi nitajuaje? Si aulizwe yule aliyemwona marehemu mara ya mwisho."

Kwetu, mtoto mchanga akisumbuka bila homa wala kidonda, husemwa kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anayetaka jina lake lirudi. Watu huketi wakataja majina ya waliokufa moja baada ya jingine. Mtoto akinyamaza, hilo ndilo jina. Sote tulikuwa watu wa kanisa, lakini desturi hii haikuwa imegombana na Jumapili.

Kwa hiyo kila mtoto alipoguna, mtu alimwinua. Mama mkwe alimweka begani. Mke wa shemeji alimpuliza masikioni. Mimi nami nilimgeuza, nikamfunua, nikamfunika. Akiinuliwa alifungua macho, akaanza kulia kwa kweli, na akilia walitazamana. Mtu akasema ni lile blanketi la marehemu. Nikalitoa, likapelekwa ghalani. Akaguna bila blanketi. Mtu akasema ni maziwa yangu, yana huzuni. Nikanywa uji wa wimbi mpaka nikachoka. Akaguna.

Sikuwa na moyo mweupe mimi pia. Niliona kwamba alilia zaidi akitoka mikononi mwa mama mkwe. Nikaanza kumvua nguo kila aliporudishwa kwangu, nikimkagua mapaja na mbavu. Siku moja nikaona mstari mwekundu karibu na goti. Nikaubonyeza kwa kidole. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu.

"Unatafuta nini?"

"Natafuta alama ya kucha, mama."

"Kucha za nani?"

"Sijui."

Akanitazama kitambo. "Ukijua, uniambie," akasema. "Mimi nami nakutazama wewe."

Ule mstari ulikuwa mkunjo wa kitambaa tu. Ulifutika hata kabla hajanipa kisogo. Lakini wakati huo sikujua kufurahi.

Jumamosi moja mchana shemeji akaita watu wa nyumba. Tuliketi kwa mama mkwe. Mtoto akavuliwa nguo, akashikwa juu katika baridi ya mvua, akapitishwa mkono kwa mkono, na majina yakaanza. Wakamtaja babu. Akalia. Wakamtaja baba wa babu. Akalia. Shemeji akakohoa kidogo, akalitaja jina la ndugu yake polepole, kama mtu anayepiga hodi. Mtoto akapiga kelele mpaka kidevu kikatetemeka.

Wakaendelea na ukoo. Walipofika kwa mjomba mmoja aliyekufa zamani, mtu aliyejulikana mpaka Mabanga kwa kuiba kuku, mtoto akanyamaza ghafla.

Nyumba nzima ikanyamaza naye.

"Hilo halihesabiwi," shemeji akasema.

"Kwa nini lisihesabiwe?" mke wake akauliza. "Si amenyamaza?"

"Amepumua tu. Mtoto hawezi kulia bila kupumua."

"Ficheni kuku, bana," mtu mmoja akasema huko nyuma, na kicheko kikataka kuanza. Shemeji akakizima kwa macho. Akalitaja tena jina la marehemu. Mtoto akalia tena.

Hapo shemeji hakunitazama. Alizungumza na mama yake. "Mtoto anamkataa baba yake, au baba anakataa kuingia. Yote ni mamoja. Marehemu ana neno na mtu. Kesho kutwa nina safari. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya kanisa, tutajaribu mara ya mwisho. Ikiwa ni hivi hivi, mama huyu atarudi kwa kaka zake akapumzike. Mtoto ni wa hapa, atabaki. Maziwa yapo." Na akamtazama mke wake, ambaye maziwa yake yalikuwa yamelowesha gauni.

Kuanzia siku hiyo sikumwacha mtoto chini. Nilitwanga naye mgongoni, nilikwenda mtoni naye. Niliona hila kila mahali. Mke wa shemeji alipoleta ndizi mbivu, nilimngoja ale moja kwanza. Alipomsifu mtoto kwamba amenenepa, nilimfunika uso. Niliona wazi anataka nini: watoto wawili kifuani, na mimi barabarani.

Ndiyo maana sikujua la kufanya aliponifuata tukipukuchua mahindi, akainama karibu na sikio langu.

"Dada, wewe ni mjinga?"

"Kwa nini?"

"Mtoto wako ana njaa au ana baridi, basi. Jumapili mnyonyeshe ashibe. Mfunike. Ngoja mpaka ukiinua mkono wake uanguke kama kamba. Hapo ndipo uwaite wataje jina. Hataamka hata akitajiwa shetani."

"Na wewe unaniambia hivi kwa nini?"

"Kwa sababu huyu wangu ananitosha. Unafikiri nataka kunyonyesha wawili? Mgongo wangu ni wa nani?"

Akacheka, akaenda zake. Nilikaa na gunzi mkononi. Ulikuwa ushauri mzuri, na huo ndio ulionitia hofu. Kama ni mtego, Jumapili angesimama na kusema nimemlevya mtoto maziwa ili marehemu asisikike. Na kama si mtego, bado jina la mume wangu lingeingia ndani ya nyumba kwa mlango wa nyuma. Sikuwa nimesoma sana, nilifika darasa la kusoma Injili tu, lakini hilo nilijua siliwezi. Nilikuwa nimejibu ukweli juu ya lori kwa miezi. Sikutaka uongo wangu wa kwanza uwe jina lake.

Nikamwendea mama mkwe. Alikuwa anachagua maharagwe.

"Mama," nikasema, "mtoto akishiba na kufunikwa atanyamaza kwa jina lolote. Hata kwa jina la ng'ombe. Nakuambia sasa, ili Jumapili akinyamaza usiseme nimewadanganya."

Hakuinua kichwa. "Au hutaki apate jina la baba yake."

"Nalitaka kuliko wote."

"Basi ungenyamaza ulipate." Akatupa haragwe bovu nje. "Mtu anayeharibu bahati yake mwenyewe ana kitu anachoficha. Kesho mchana mimi mwenyewe nitakaa na huyo mtoto. Nataka kuona unamfanya nini akilala."

"Nami nitakaa," nikasema. "Nataka kuona wewe unamfanya nini."

Kesho yake mvua ilianza baada ya chakula. Nilimnyonyesha mbele yake, akasinzia. Mama mkwe akatandika ngozi ya mbuzi sakafuni, akasema nimlaze katikati yetu. Akakaa upande mmoja, mimi upande mwingine.

"Weka mikono yako nione."

Nikaiweka magotini. "Na wewe, mama."

Akaiweka yake. Tukakaa hivyo, wanawake wawili tukilindana kama mbwa wa maboma mawili.

Mtoto akaanza mapema. Macho yalizunguka chini ya kope, midomo ikanyonya hewa. Akaguna. Mkono wa mama mkwe ukainuka. Nikautazama, ukarudi gotini. Akaguna tena, akajikamua, akavuta magoti tumboni, akatoa ile sauti ya gunia. Mikono yangu ikataka kwenda. Mama mkwe akakohoa, nikabaki nimekaa. Mtoto akatupa mikono yote miwili hewani kama mtu anayeanguka kutoka mtini, akalia nusu ya kilio. Nusu tu. Uso ukakunjika, ukakunjuka, na macho hayakufunguka.

Halafu akaacha kupumua.

Sijui ilikuwa muda gani. Ulikuwa muda wa mimi kumtazama mama mkwe na yeye kunitazama mimi, kila mmoja akiwa na hofu usoni, na katika hofu ile sikuona uchawi wala hila, niliona bibi. Kabla hatujainuka pumzi ikarudi, ya haraka haraka, kisha ya polepole. Akatabasamu, si kwetu. Akakoroma kidogo puani. Kisha uso ukalegea, ngumi zikafunguka, akazama katika usingizi ambao sikuwahi kumwona nao, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwacha aufikie.

Tulikaa. Mvua ikapiga nyasi za paa. Akaja juu tena, akaguna, akajinyonga, akarudi chini. Hakuna aliyemgusa. Hakuna jina lililotajwa.

"Hakuamka," mama mkwe akasema.

"Hakuamka."

"Sisi ndio tumekuwa tukimwamsha." Alisema hivyo bila kunitazama, kama anayeiambia ngozi ya mbuzi. "Nimezaa wengi. Lakini sikuwahi kukaa nikamsikiliza mmoja akilala. Nani alikuwa na nafasi? Walikuwa mgongoni, nami nalima. Nyumba ilikuwa na watu. Ni matanga yametufanya kimya namna hii, mpaka tunasikia kila kitu."

Kisha akauliza jambo ambalo katika miezi yote, pamoja na maswali yote ya lori na mto, hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Mwanangu alipokuwa anakufa, aliguna?"

Nikaona kumbe hilo ndilo alilokuwa akilisikia kwa mtoto tangu siku ya kwanza.

"Hapana, mama. Alikohoa asubuhi. Mchana aliomba chai, akanywa kidogo, akasema ina moshi. Alilala. Nilikuwa nimemshika mguu kwa sababu miguu ilikuwa na baridi. Hakuguna."

"Alisema ina moshi."

"Ndiyo."

"Siku zote alisema hivyo. Hata chai yangu." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Kitale tulilia pamoja, kwa sauti ndogo ili tusimwamshe.

Jumapili shemeji alirudi kutoka kanisani na watu wake. Mama mkwe akawapokea mlangoni, mtoto akiwa begani, analia kwa sababu nguo ilikuwa imelowa.

"Mtoto amechukua jina la baba yake," akasema.

"Lakini mama, analia."

"Alie. Jina si titi la mama, kwamba akilipata atanyamaza."

"Na marehemu?"

"Marehemu ni mwanangu. Akiwa na neno ataniambia mimi. Ingieni mle."

Wakaingia, wakala. Shemeji hakubishana na mama yake, lakini hakuniamini. Aliendelea kuuliza juu ya lile lori mpaka uzee wake, na kila mara nilimjibu. Na mke wake, sijawahi kujua kwa hakika kama ushauri ule ulikuwa wa wema. Nafikiri ulikuwa. Sikuwahi kumuuliza.

Wiki iliyofuata mama mkwe alinipeleka nyuma ya migomba, akanionyesha kipande cha ardhi kilichoshuka mpaka kwenye kijito. Akasema kilikuwa cha mwanawe, nipande nitakacho. Hakusema nibaki. Mtu hapewi shamba la kupanda ili aondoke kabla ya kuvuna.

Nikalima. Mtoto alilala kwenye kivuli ukingoni, na bibi yake akikaa naye, mikono magotini. Mwanamke jirani alipita na mzigo wa kuni, akasimama.

"Mtoto wenu analia huko."

"Halii," mama mkwe akamjibu. "Analala."

Mimi niliendelea kulima. Lakini sitasema uongo: niliinua jembe polepole, nikasubiri kusikia pumzi inayofuata, ndipo nikaliteremsha.