Vipimo Alivyoniachia Mke Wangu

Mke wangu akipima, mimi nakata. Miaka thelathini na minane, chumba kimoja, cherehani mbili. Shule sikukanyaga. Herufi alinifundisha yeye, kwa chaki ya fundi, juu ya meza ya kukatia.

Daktari alipomwambia moyo umechoka, hakulia. Alimwomba binti yetu, mwalimu wa kompyuta, amfundishe Python, lugha ya kuipa mashine maagizo.

"Nikiondoka, huyu mzee atawashonea watu magunia," alisema.

Alianza na funksheni. Unaipa kifua na urefu, inakurudishia mita za kitambaa, basi. Kesho haimkumbuki mtu. Yeye alitaka kila mteja akumbukwe na mabega yake. Binti akamwonyesha klasi, kiolezo ambacho kila ukikiita kinakutengenezea mteja mmoja na kumtunza na vipimo vyake.

Hapo akakwama siku nne.

"Natengeneza mteja, naandika palepale arudishe mita, mashine inagoma."

"Mama, ukiita klasi unarudishiwa mteja mwenyewe, na vipimo vyake ndani. Mita utamuuliza yeye."

"Kumbe kama baba yako. Umwite, aje, halafu umuulize. La sivyo atakaa kimya mpaka jioni."

Walicheka. Mimi nikaendelea na mkasi wangu.

Alipomaliza kuwaingiza wateja wote aliniita. "Njoo ukae hapa, mume wangu. Nikuonyeshe mara moja tu."

"Namalizia suruali hii."

Kesho yake akaniita tena. Palikuwa na suruali nyingine. Ijumaa akalazwa. Jumatatu tukamzika.

Wiki ya tatu akaja mwalimu mkuu, anataka koti. "Mama alishanipima," akasema. Nikamwambia apite kesho. Nikawasha kompyuta yake, nikaandika jina lake kama nilivyowahi kumwona marehemu akiandika. Ukatoka mstari wa alama na tarakimu, hauna kichwa wala miguu. Nikajaribu jina la pili, la tatu. Yaleyale.

Nikasema, maskini, ugonjwa ulikuwa umempanda kichwani. Nikamwonea aibu. Sikutaka mtu aione kazi ile. Nikaipeleka mashine kwa fundi wa kompyuta, nikamwambia afute kila kitu. Akafuta.

Binti alipokuja nikamweleza. Akakaa chini polepole.

"Baba, ule mstari ndio mteja mwenyewe. Ulishampata. Ilibaki kumuuliza mita."

"Ningejuaje?" nilisema. Niliitwa mara mbili.

"Walikuwa wangapi?" nikamuuliza baadaye.

"Mia mbili na kumi na mmoja. Wa kwanza ulikuwa wewe."

Mwalimu mkuu aliporudi, nilimwambia vipimo vimepotea, na kwamba nimevipoteza mimi. Akavua koti lake kuukuu, akasimama katikati ya chumba. Nikashika tepu, sijui nianzie wapi.

"Mama alikuwa anaanzia mabegani, mzee," akasema taratibu.

Nikaanzia mabegani.